Mtoto Anapofeli Mtihani: Namna ya Kuyatumia Makosa Yake Kumfundisha

Kila mwisho wa muhula, ripoti ya shule inapofika nyumbani, macho ya mzazi hukimbilia mambo mawili: wastani na nafasi. Mtoto akiwa wa 51 kati ya wanafunzi 68, mazungumzo huishia hapo, ama kwa ukali, ama kwa kumlinganisha na mtoto wa jirani, ama kwa kuahidi kumtafutia tuisheni. Nafasi, hata hivyo, haisemi lolote kuhusu jambo ambalo mtoto hakulielewa. Inaeleza tu wenzake walifanyaje siku hiyo. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe, lilipotoa mwezi Januari 2023 matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliachana na desturi ya kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, na wazazi tungefanya vizuri kuachana na desturi hiyo sebuleni. Kitu kinachosema ni karatasi ya majibu iliyosahihishwa, na mzazi anayetaka mwanawe ajifunze kutokana na kufeli hana budi kujua namna ya kuisoma pamoja naye.

Siku ripoti inapofika si siku ya kuifanyia kazi. Mtoto ameshaaibika, pengine matokeo yalisomwa mbele ya shule nzima au yalibandikwa ukutani, na wewe pia una hasira. Inatosha kumwambia, "Nimeyaona matokeo, mwanangu. Kesho jioni tutakaa tuangalie karatasi zako pamoja." Kesho yake utimize. Kiboko hakina nafasi katika kazi hii, na sababu yake ni ya wazi kabisa: mtoto anayechapwa kwa sababu ya alama hujifunza kuficha karatasi na kunakili majibu ya mwenzake, na hapo mzazi hupoteza ushahidi pekee ambao ungemwonyesha mtoto amekwama wapi.

Karatasi zenyewe ziulizie shuleni. Baadhi ya shule huwarudishia wanafunzi karatasi zao, nyingine hubaki nazo, lakini mwalimu wa darasa akiombwa kwa adabu mara nyingi hukubali mzazi azitazame. Zikikosekana kabisa, chukua madaftari ya mazoezi, kwa kuwa makosa ya mtihani kwa kawaida yalikuwa yameanza kuonekana humo wiki nyingi kabla.

Mkishakaa, usianze na alama za vema wala na jumla ya alama. Chagua somo moja na swali moja alilokosa, kisha mwombe mtoto akueleze alivyofikiri hadi akapata jibu lile. Chukua mfano wa hesabu ya darasa la tano: robo tatu kujumlisha theluthi mbili, yaani 3/4 + 2/3, na mtoto ameandika 5/7. Jibu hilo halikutokana na uvivu. Amejumlisha kiasi kwa kiasi, 3 na 2, kisha asili kwa asili, 4 na 3, akifuata kanuni ambayo kwake ina mantiki kamili. Ukimwambia tu kwamba amekosa, ataandika 5/7 tena muhula ujao. Chora badala yake mistatili miwili inayolingana, kila mmoja uwe na visanduku 12. Mwambie atie rangi robo tatu ya mstatili wa kwanza, navyo vitakuwa visanduku 9, kisha theluthi mbili ya wa pili, visanduku 8. Akivihesabu vyote atapata 17, yaani mstatili mmoja mzima na visanduku 5 vya ziada, na ataona kwa macho yake kwamba jibu lake la awali lilikuwa dogo hata kuliko ile robo tatu aliyoanza nayo. Sasa ndipo kutafuta KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) ya 4 na 3 kunapokuwa na maana kwake. Mpe hesabu nyingine mbili za aina hiyo papo hapo, moja baada ya siku mbili, na nyingine wiki inayofuata bila kumtahadharisha. Tumezoea kusema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini mtoto hurudia kosa lile lile kwa sababu hakuna aliyemwonyesha lilipoanzia.

Mkiendelea hivyo, mtaona kwamba makosa hayafanani. Mengine ni ya kutojua, mengine ni ya kutoelewa swali linataka nini, na mengine ni ya haraka au ya kuishiwa na muda. Mwache mtoto mwenyewe aseme kila kosa ni la aina gani na aliandike pembeni. Anayegundua kwamba alipoteza alama nyingi kwa kutosoma maagizo hujua la kurekebisha, na hofu yake ya kuwa "hana akili" hupungua kwa sababu ameona sababu halisi.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi ya serikali, kuna aina ya kosa inayostahili uangalifu wa pekee. Mtoto huyu alisoma kwa Kiswahili kwa miaka saba, kisha ghafla baiolojia na jiografia zinafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Akipata 18 katika baiolojia, mwulize kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Akikueleza kuhusu mwanga wa jua, maji, hewa ya kabonidioksidi na rangi ya kijani ya majani, basi baiolojia anaijua, na kumlipia tuisheni ya baiolojia ni kutibu mguu usiouma. Anachohitaji ni daftari dogo la msamiati wa kila mada, na kuvizoea vitenzi vya maswali, yale maneno yanayomtaka ataje, aeleze, alinganishe au atofautishe, kwa maana wengi huandika kila wanachokijua pale walipotakiwa kulinganisha tu. Akishindwa kueleza hata kwa Kiswahili, somo lenyewe ndilo lililompita, na mnaanza upya.

Usisahau mwili. Mtoto asiyeona ubaoni, asiyesikia vizuri, anayeshinda na njaa au anayeonewa na wenzake njiani hatasaidiwa na mazoezi ya hesabu hata kidogo, kwa hiyo mambo haya yachunguzwe mapema.

Unapokwenda kuonana na mwalimu, swali la "Kwa nini mwanangu amefeli?" humfanya ajitetee. Muulize ni mada ipi ya nyuma ambayo mtoto angeishika, hii ya sasa ingemwelea. Aghalabu jibu hurudi darasa moja au mawili nyuma, na tuisheni inayokimbiza mada mpya haiwezi kuziba pengo hilo.

Upimaji wa kidato cha pili una uzito wake, kwa kuwa asiyefikia kiwango hutakiwa kurudia kidato hicho. Kurudia kunafaa pale tu mwaka wa pili unapofanywa tofauti na wa kwanza. Orodha ya makosa mliyoiandika ndiyo iwe ratiba yake. Aliyefeli kidato cha nne anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, au akaenda VETA kujifunza ufundi, na nawasihi wazazi wasiitaje VETA kama tishio, kwa maana mtoto atakayeichagua kesho atakwenda huko akijiona ametupwa.

Karatasi za mitihani ya taifa hazirudishwi kwa mwanafunzi, lakini Baraza la Mitihani huchapisha katika tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zenye nakala za majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa kwa mkono. Pakua ya somo lililomshinda, uifunike sehemu ya maelezo, umpe mwanao jibu baya alisome na kusema mwenzake alikosea wapi, ndipo mfunue msome walichoandika wachambuzi.