Namna ya kuchunguza unawaji wa mikono kabla ya kupanga kampeni ya afya

Mtafiti wa sayansi ya tabia katika afya ya jamii mara nyingi huitwa mambo yakiwa yameshaamuliwa: bajeti imepitishwa, mabango yamechapwa, na kilichobaki ni yeye kupima kama wananchi wameelimika. Ukijaliwa kuingia mapema zaidi, elekeza nguvu zako katika utafiti wa awali. Mwongozo huu unahusu unawaji wa mikono kwa sabuni katika kijiji cha Tanzania Bara, ingawa mtu anayeshughulikia vyandarua au usalama wa maji ya kunywa anaweza kuufuata pia.

Kwanza andika tabia yenyewe kwa ukamilifu. "Kuboresha usafi" ni lengo la mezani, halionekani kwa macho. Mlezi kunawa mikono yote miwili kwa sabuni mara baada ya kumtawaza mtoto aliyejisaidia ni jambo ambalo mtu anaweza kulishuhudia na kulihesabu. Bainisha nani, afanye nini, wapi na wakati gani.

Andiko lako la utafiti lipeleke kwenye kamati ya maadili ya NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kama katika timu yupo mtafiti wa kutoka nje ya nchi, shughulikieni pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Kisha barua ishuke mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kijiji hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke ngazi, kwa sababu mwenyekiti anayesikia habari zako kwa majirani ana haki ya kukutilia shaka, na shaka yake itaingia katika kila nyumba utakayobisha hodi.

Kiini cha kazi ni kutazama. Watu wakiulizwa kama wananawa kwa sabuni, wengi hujibu ndiyo, na hawafanyi hivyo kwa hila. Wanajua jibu linalostahili heshima, nao wanampa mgeni wao. Kwa hiyo mwangalizi, ikiwezekana mwanamke anayeifahamu lugha ya pale, afike saa kumi na mbili asubuhi, akae mahali anapouona uwanja na jiko, abaki hadi saa tatu, na aandike kila tukio lililostahili kunawa, hata lile lililopita bila kunawa. Mama anamfuta mtoto kamasi kwa upindo wa kanga, anaurudia unga aliokuwa akiukanda, anainuka kumtawaza mdogo, anajimwagia maji kidogo vidoleni, anarudi kwenye unga. Andika pia sabuni ilikuwa wapi muda huo wote. Katika nyumba nyingi kipande cha sabuni ya mche hukaa ndani chumbani, kwa kuwa kinagharimu fedha, watoto hukichezea, na huko pwani kunguru hukinyakua kikiachwa nje. Habari hii ya kunguru ina thamani kubwa kwa mpangaji wa kampeni kuliko kurasa nyingi za dodoso.

Hapa linazuka suala la maadili linalohitaji uangalifu. Ukitangaza kwamba umekuja kuangalia kunawa mikono, mikono yote itanawiwa siku hiyo. Njia inayotumika ni kuomba ridhaa ya kuangalia shughuli za asubuhi zinazohusu afya ya familia, kwa idhini ya kamati, na baada ya kazi kumweleza mwenye nyumba shabaha kamili, huku akiwa huru kuondoa taarifa zake. Mimi naona maelezo hayo ya mwisho ni wajibu kamili, hata pale timu inapoharakishwa na gari.

Mahojiano yafuate baadaye, nayo yahusu matukio halisi. Swali kama "Jana jioni, baada ya kumtawaza mtoto, ulifanya nini?" huzaa mengi kuliko "Kwa nini watu hawanawi?" Panga majibu kwa kutumia mfumo wa COM-B, ambao Susan Michie na wenzake waliuchapisha mwaka 2011, unaouliza kama mtu ana uwezo, fursa na hamasa ya kufanya jambo. Sabuni iliyofungiwa chumbani ni upungufu wa fursa. Mhadhara kuhusu vijidudu hauutibu, lakini kibuyu chirizi, yaani chombo cha maji kinachoning'inizwa na kuinamishwa ili kuchirizisha maji ya kunawa, chenye sabuni karibu na choo huenda kikautibu.

Kuhusu hamasa, soma kwa makini SuperAmma, kampeni ya kunawa mikono iliyofanyika vijijini Andhra Pradesh, India, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2014. Iligusa kinyaa, malezi ya mtoto na matarajio ya jamii badala ya hofu ya kuhara. Kwa kutazama majumbani, unawaji kwa sabuni katika nyakati muhimu ulifikia asilimia 37 baada ya miezi sita, wakati vijiji vya ulinganisho, ambavyo vilikuwa havijapata kampeni, vilikuwa na asilimia 6. Mafanikio hayo makubwa bado yaliacha zaidi ya nusu ya nyakati hizo bila sabuni, kwa hiyo usimwahidi mfadhili asilimia 90.

Wazo lako lijaribiwe katika nyumba chache kwanza. Urudi bila kelele baada ya wiki kadhaa uone kama sabuni ingali pale na imepungua. Ripoti ya wizara iwe fupi, na matokeo yasomwe pia kwenye mkutano wa kijiji, bila jina la kaya yoyote, kabla mabango hayajapelekwa kwa mchapaji, ili wanakijiji wapate nafasi ya kuyasahihisha.