Somo: Kuandaa onyesho la kanga katika maktaba ya chuo kikuu, hatua kwa hatua

Maktaba nyingi za vyuo vyetu zikipata wazo la maonyesho, kitu cha kwanza kutafutwa ni ukumbi na cha pili ni mgeni rasmi. Vitu vyenyewe vya kuonyesha hukumbukwa wiki ya mwisho, ndipo mabango yanapochapishwa usiku kucha. Somo hili linakwenda kinyume na utaratibu huo: tunaanza na kilichomo rafuni, ukumbi baadaye, mgeni rasmi mwisho kabisa, na akikosekana kazi inaendelea.

Nimechagua kanga kwa sababu ni nguo inayosomwa. Ina pindo, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na ina jina, yaani ule usemi ulioandikwa. Maktaba ambayo kazi yake ni kutunza maandishi haina sababu ya kuiona kanga kama mgeni. Wenye nia ya kuonyesha picha za tingatinga au vinyago vya mpingo watazifuata hatua hizi hizi, na penye tofauti nitasema.

Hatua ya 1: Anzia rafuni

Kabla hujamwomba mtu kanga hata moja, chukua karatasi ukazunguke ghorofa zote. Kwenye maktaba inayotumia mpangilio wa Library of Congress, fasihi ya Kiswahili utaikuta PL 8704, methali na misemo PN 6400 na kuendelea, mavazi na desturi zake GT 500 na kuendelea, sanaa ya nguo NK 8800 na kuendelea. Wanaotumia Dewey waangalie 896.392, 398.9, 391 na 746. Kanga moja yenye jina "Japo sipati tamaa sikati" inaweza kukupitisha katika rafu zote hizo, na matembezi hayo ndiyo onyesho lako.

Kisha nenda kwenye makusanyo maalumu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na mingi kati yake ilikusanywa miaka ya 1960 na mtafiti wa Kiswahili J.W.T. Allen, katalogi yake ilichapishwa mwaka 1970. Kwa nini nataja miswada katika habari ya kanga? Kwa sababu kanga za zamani nazo ziliandikwa majina kwa hati za Kiarabu, kabla hati za Kirumi hazijashika. Ukiiweka kanga ya namna hiyo, au hata picha yake, pembeni ya ukurasa wa utenzi wenye hati hizo hizo, mwanafunzi aliyezizoea kwenye msahafu tu ataona kwa macho yake kwamba Kiswahili kiliandikwa hivyo kwa karne kadhaa. Hakuna hotuba itakayomfikishia jambo hilo vizuri zaidi.

Kanuni yangu ni moja: kitu kisicho na kitabu, jarida au waraka wa kukisindikiza hakiingii. Kinaweza kuwa kizuri sana, lakini mahali pake ni nyumba ya sanaa.

Hatua ya 2: Bana mada

"Kanga zetu" si mada. Mada ni kama kanga za siasa na matukio: kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, mikutano ya chama, sikukuu za taifa, hadi ile kanga ya "Hongera Barack Obama" iliyotoka baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2008. Au shika upande wa watengenezaji na wauzaji: alama ya "K.H.E. – Mali ya Abdulla" pembeni ya kanga inakupeleka moja kwa moja Mombasa, kwa Kaderdina Hajee Essak. Au shika mafumbo. Kanga kumi na mbili hadi kumi na tano zinatosha. Zikizidi hapo, watu wanapita kama wanaopita mbele ya maduka.

Hatua ya 3: Kuazima

Kanga nzuri haziko makumbusho, ziko masandukuni kwa kina mama. Anza na waliopo chuoni: wahudumu wa maktaba, makatibu muhtasi, mama wa kantini, walimu wastaafu. Kila kanga iwe na fomu yake: mwenye mali, jina la kanga, doti nzima au kipande kimoja, vipimo (kipande huwa takriban sm 110 kwa 150), matobo, madoa, picha ya pande zote mbili, tarehe ya kurudi, na nani atalipa ikiharibika. Sahihi mbili, nakala mbili. Mama akikwambia "chukua tu mwanangu, karatasi za nini", mwandikie hivyo hivyo. Karatasi hiyo inamlinda yeye zaidi kuliko wewe.

Hapa pana jambo lisilotajwa katika miongozo ya makumbusho ya Ulaya. Kanga hupewa mtu, huvaliwa mbele ya mtu, na mara nyingine humtupia mtu neno. Aliyenunua "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" alikuwa na mtu kichwani, na huenda mtu huyo ni jirani atakayekuja siku ya ufunguzi. Kwa hiyo uliza mambo mawili mbalimbali: je, kanga nionyeshe? Je, habari yake niiandike? Anaweza kukubali la kwanza akakataa la pili. Jina la mwenye mali liandikwe kwa ridhaa yake tu.

Hatua ya 4: Nafasi na mwanga

Tafuta ukuta ulio njiani kati ya mlango na kaunta, usiopigwa na jua, na usiozuia mlango wa dharura. Usichukue meza za wasomaji. Maktaba ikifanya maonyesho wakati wa mitihani kwa kuhamisha viti, wanafunzi wanakuwa na haki ya kulalamika.

Sasa mwanga, na hapa nitakawia kidogo. Kipimo kinachofuatwa na makumbusho kwa nguo, karatasi na rangi za maji ni luksi 50 (luksi ni kizio cha kupimia mwanga), kiasi cha chumba chenye taa hafifu. Rangi ya mafuta huvumilia hadi luksi 200 hivi. Mwanga hauchoshi nguo kwa siku moja, unajumlishwa. Kanga iliyowekwa kwenye luksi 50, saa 8 kwa siku, siku 90, imepokea luksi-saa 36,000, yaani luksi mara saa zote. Ukiitundika karibu na dirisha linaloingiza luksi 5,000, kiasi hicho hicho imekipata kwa muda wa saa saba na dakika kumi na mbili. Yaani siku moja ya kazi imekula onyesho zima, na rangi iliyopauka hairudi.

Kwa hiyo: funga mapazia, tumia balbu za LED, zima taa jengo likifungwa. Programu ya simu ya kupima mwanga si sahihi sana, ila inatosha kukuonyesha tofauti kati ya ukuta huu na ule. Pitisha simu asubuhi, adhuhuri na jioni, maana jua linahama. Kwenye majengo yetu mengi ukuta wa magharibi saa kumi jioni ni tanuri.

Hatua ya 5: Kutundika

Pini na misumari hapana. Hutoboa, na hushika kutu ambayo haitoki. Kata ukanda wa amerikani, ile nguo nyeupe isiyotiwa rangi, uufue bila sabuni yenye manukato, uushone uwe mfuko mrefu kama upana wa kanga. Ushikize upande wa nyuma, kwenye pindo la juu, kwa mishono mirefu na sindano nyembamba, kisha pitisha fimbo. Uzito unagawanyika sawasawa na fimbo haiigusi kanga. Fundi cherehani anaweza kuuandaa mfuko. Kuushikiza kwenye kanga ni kwa mkono.

Katikati ya kanga pawe sm 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Jina lisomeke bila kuinama.

Hatua ya 6: Lebo

Maneno yasizidi sitini. Kiswahili kwanza, lugha nyingine chini yake kama inahitajika. Herufi kubwa za kutosha, pointi 24 kwa uchache, maana anayesoma amesimama hatua mbili nyuma. Andika jina la kanga kama lilivyochapishwa, hata kama tahajia yake ina kasoro. Kiwanda au mfanyabiashara kama alama ipo. Mwaka kama una uhakika nao. Mstari wa mwisho wa kila lebo ni namba ya kitabu rafuni na ghorofa yake.

Usifumbue fumbo kwenye lebo. Ukiandika maana ya "Usisafirie nyota ya mwenzio" umewanyima wageni mjadala wao. Weka daftari na kalamu, waandike wenyewe wanavyoielewa. Utashangaa Mmombasa na Mdodoma wanavyopishana.

Hatua ya 7: Ufunguzi

Jumamosi asubuhi, au mwisho wa siku wasomaji wakipungua. Mtu mmoja aghani beti chache, mama mmoja aonyeshe mifungo ya kanga kwa kanga ambayo si ya onyesho, basi. Soda na sambusa ziwe nje ya jengo. Kama lazima pawe na mgeni rasmi, mpe dakika tano na umwambie mshereheshaji kwamba itifaki imezingatiwa. Kwa wanaotafuta tarehe, Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na kwa kawaida bajeti ya siku hiyo huombeka kwa urahisi.

Hatua ya 8: Kushusha

Fomu ya Hatua ya 3 itoke tena, kila kanga ikaguliwe mbele ya mwenyewe. Zinazosubiri kuchukuliwa zizungushwe kwenye mrija wa kadibodi uliofunikwa amerikani, zisikunjwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkutubi, Mbeya: Shikamoo mwalimu. Sisi hatuna kabati la kioo hata moja. Miswada na majarida ya zamani tuyaweke wapi?

Marahaba. Weka nakala. Piga skani, chapisha kwa rangi kwa ukubwa ule ule, na andika wazi kwenye lebo kwamba ni nakala. Kioo cha dirisha kilicholazwa moja kwa moja juu ya karatasi ya zamani sikishauri kabisa: unyevu hunasa chini yake na wino hugandia kioo.

Mwanafunzi, Unguja: Bibi yangu ana kitabu cha mashairi kwa hati za Kiarabu, cha mkono. Amekubali kionyeshwe. Nikilete?

Mpe bibi shukrani zetu, kisha kilete kipigwe picha tu, naye awepo kama anaweza. Kisifunguliwe zaidi ya nyuzi 120. Weka mito ya kitambaa pande zote mbili ili uti wa kitabu usibebe uzito. Glavu si lazima. Mikono safi mikavu ni bora, kwa sababu glavu hukupotezea hisia na ukurasa huchanika. Na tafadhali asitokee mtu akaupiga laminesheni ukurasa wowote, hata kama anasema ni kwa ajili ya kuulinda.

Mwanachama, Tanga: Huku kwetu masika kila kitu kinaota ukungu. Tufanyeje?

Panga onyesho Juni hadi Septemba. Unyevu hewani ukipita asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu unaanza. Kanga ziachie nafasi ya kidole kimoja au viwili kutoka ukutani hewa ipite, hasa ukuta wa nje. Feni iwepo ila isizipulize kanga. Kanga ikija na wadudu, ifunge kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri wiki mbili, na baada ya kuitoa subiri siku nzima kabla ya kufungua mfuko, vinginevyo inalowa.

Mratibu wa sanaa, Morogoro: Sisi tutatundika tingatinga, na wasanii wanataka kuuza. Inaruhusiwa?

Uliza ofisi ya fedha ya chuo kwanza, kwa maandishi. Inapowezekana, bei zisiwe kwenye lebo. Orodha ikae kaunta na mnunuzi aelewane na msanii mwenyewe, picha ikitoka siku ya kufunga. Kuhusu kutundika: Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo huo, alichora kwenye hadibodi kwa rangi za kung'aa za aina ya zile za kupaka baiskeli, na wengi leo hutumia turubai. Hadibodi ni nzito na huvimba kingo ikipata maji, kwa hiyo iwe na ndoano mbili, na mbali na ukuta wenye unyevu. Jingine: kununua picha si kununua hakimiliki. Mkitaka kuichapa kwenye fulana au kalenda ya chuo mnahitaji ruhusa ya msanii. Kwa sheria ya Tanzania haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki, kwa hiyo kwa waliofariki muulizeni warithi.

Mkutubi, Eldoret: Wasomaji wetu walilalamikia kelele za wageni. Sasa mkuu hataki tena maonyesho.

Mwambie mkuu wako mtaweka onyesho ghorofa ya chini, na vikundi vya shule viingie kwa miadi, saa mbili hadi saa nne asubuhi. Maelezo ya mdomo yatolewe nje kabla ya kuingia. Na kipindi cha mitihani msifanye lolote. Hapo wasomaji wana haki kuliko kanga.

Mwanachama, Dodoma: Tutajuaje limefanikiwa? Tunaombwa idadi ya wageni kwenye ripoti.

Idadi wapeni, daftari la mlangoni lipo. Lakini chukueni pia namba za vitabu vilivyotajwa kwenye lebo, mlinganishe uazimwaji wake miezi mitatu kabla na miezi mitatu baada. Mfumo wa maktaba unaweza kuitoa hiyo kwa dakika chache. Kama mnatumia kadi, hesabuni mihuri.

Mama mwanachama, Kigamboni: Mimi si mkutubi, nina kanga za marehemu mama. Nizifue kabla ya kuwaletea?

Hapana mama, zilete kama zilivyo. Kuna rangi za zamani zinazochuja, na doa nalo lina habari yake. Zikunjue tu kivulini, uzifungie kwenye shuka safi, na njoo na mtu anayekumbuka mama alizivaa lini.