Kisu cha kukunja kilicholiwa na kutu usikitupe

Hapa Lamu chumvi ya bahari haisamehe chuma, ukisahau kisu kwa mfuko wa kaptula ya kuvulia wiki moja tu ushakuta kimegoma kufunguka. Usikivute na koleo, utavunja ncha bure. Tia mafuta ya cherehani kwenye bawaba kikeshe, asubuhi kifungue na kukifunga polepole mpaka ule uji mwekundu wa kutu utoke, pangusa, tia tena. Mafuta ya nazi hapo mi sitaki kabisa, yakikaa yananata. Ubapa usugue na msasa namba 400 kisha 800, kwa urefu wake. Halafu kinoe kwa kinoo chenye maji, ubapa ukiuinamisha digrii kama 20 juu ya jiwe. Mpini umepasuka? Muombe fundi wa majahazi kipande cha mbambakofi, ule mti wa mbao ngumu.