Ukame umekula mahindi: namna ya kuandikisha hasara ili msaada wa serikali ukufikie

Mvua ikikatika mwezi wa pili, mahindi yakiwa kwenye maua, ndevu zinakauka kabla ya kuangukiwa na unga wa ua la juu. Hindi linabaki gunzi tupu. Hasara hiyo ni ngumu kuonyesha: mabua yamesimama marefu, na anayepita kwenye barabara ya Kasenga, huku kwetu Haut-Katanga nchini Kongo, anaona shamba zuri tu.

1. Usikate mabua wala kuingiza mbuzi mpaka moniteri wa kilimo, yule mtu wa serikali anayekagua mashamba, afike. Mwandikie yeye na shefu wa kijiji wiki hiyo hiyo. Baki na nakala yenye tarehe na sahihi ya aliyepokea.

2. Pima shamba kwa kamba ya mita 10. Mita 50 kwa 100 ni nusu hekta. Usikisie: moniteri akikuta hekta moja iliandikwa mbili, anatilia shaka liste ya kijiji kizima.

3. Hesabu mahindi. Hapa ndipo dosiye nyingi (karatasi za kuomba msaada) zinapoanguka, maana watu wanaandika "yote yameharibika" na basi. Kama mistari imeachana sentimeta 75 na mashimo sentimeta 25, mbegu moja kila shimo, pima mita 13 na sentimeta 30 kwenye mstari mmoja. Hiyo ni mita mraba 10, na ilipaswa kuwa na mimea 53. Menya kila hindi, hesabu mimea yenye punje. Rudia sehemu tano, pamoja na bondeni ambako unyevu hukaa; ukichagua pakavu tu, utaumbuka. Wastani ukiwa 16 kati ya 53, umebakiwa na asilimia 30.

4. Piga foto mbili: mahindi yaliyomenywa, na shamba zima huku kichuguu kikubwa au barabara ikionekana, ili mahali pajulikane.

5. Funga dosiye: hesabu, foto, nakala ya karte ya uchaguzi, karatasi ya shefu kwamba unalima pale. Fanya nakala tatu. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama kwenye karte, na laini ya simu iwe imeandikishwa kwa jina hilo hilo. Laini ya mtoto au jirani hurudisha pesa zilikotoka.

Maswali ya wakulima

Nalima kwa kukodi. Msaada ni wa nani?
Hasara ni ya aliyepanda, Baba. Mwenye udongo aweke sahihi mbele ya shefu kwamba msimu huu shamba ni lako. Fanyeni hivyo kabla pesa hazijatajwa. Zikishatajwa, ugomvi huanza.

Mume wangu yuko kazini Kolwezi. Niandike jina lake?
Andika lako, Mama. Nyumba moja huandikwa mara moja, na siku ya kulipwa lazima mwenye karte awepo.

Kuna mtu anaomba faranga ili aniingize kwenye liste.
Usimpe, wala namba yako ya siri usimpe yeyote. Kuandikwa hakulipiwi. Mwambie shefu mbele ya watu.

Tukipewa mbegu badala ya pesa?
Kilo 25 zinatosha hekta. Ngoja mvua ishike, kuanzia katikati ya mwezi wa kumi na moja. Zile zenye rangi zimepakwa dawa: msizisage kwa bukari (ugali), hata mkiziosha.