Kuchagua valvu ya usalama kwa mtambo wenye tindikali na kostiki

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesimamia mtambo wa elusheni (wa kutoa dhahabu kwenye kaboni) mkoani Singida alinipigia simu. "Shikamoo mama. Nataka sefti valvu ya inchi moja, ya stenlesi. Bei gani?" Nikamwitikia marahaba, kisha nikamuuliza maswali saba. Alijibu mawili. Sikumpa bei, nikamwahidi kumwandikia. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo kwa faida ya kila anayenunua valvu hizi za usalama, zinazofunguka zenyewe presha ikizidi, kwa kutazama ukubwa wa uzi na mng'ao wa chuma.

Nina karakana Kizota, hapa Dodoma. Ni miaka 19 sasa nafungua, nasaga na kupima valvu za usalama: za boila, za matangi ya hewa, za viwanda vya mafuta ya alizeti, na siku hizi za mitambo ya dhahabu. Kuna moja siisahau. Ililetwa na mtambo ambao sitautaja, kibao chake kimeandikwa chuma 316 (aina ya stenlesi), presha ya kufungukia bar 5. Kwa nje ilikuwa safi kama sufuria mpya. Nikaifunga kwenye meza ya majaribio, nikapandisha maji kwa pampu ya mkono. Bar 5, kimya. Bar 6, kimya. Ilipofika 7 nikaacha. Nilipoifungua nikakuta springi imeliwa, waya wake umebaki nusu ya unene, na kutu yake imeshuka ikajaa kwenye mwongozo wa diski (njia ambamo kifuniko cha valvu huteleza) na kuganda kama saruji. Springi ilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa rangi. Ile 316 ya kwenye kibao ilikuwa ya ganda la nje peke yake. Na kwa miezi yote hiyo watu walikuwa wanafanya kazi pembeni ya kolamu ile (tangi refu la presha), wakijua wana kinga.

Valvu ya usalama hukaa imefunga karibu maisha yake yote. Pampu ikiliwa utasikia mlio, bomba likitoboka utaona maji, lakini valvu ikiliwa haikuambii chochote mpaka siku unayoihitaji. Kwa hiyo mimi sianzi na presha wala ukubwa. Naanza na kitu kimoja: ni nini kinaigusa, sehemu kwa sehemu, saa zote, hata mtambo ukiwa umesimama?

Andika kila kinachopita

Chukua mtambo wa elusheni wa huyo kijana. Kaboni iliyobeba dhahabu huoshwa kwanza kwa asidi ya haidrokloriki ya kama asilimia 3, ili kuondoa chokaa. Baada ya hapo huchemshwa kwa maji yenye kostiki (soda kali) na sayanaidi, nyuzijoto 120 hadi 140. Singida iko juu, maji yanachemka kabla hata ya kufika nyuzijoto 100, kwa hiyo ili yabaki maji kwa joto hilo lazima yabanwe kwa presha. Ndiyo maana kolamu inahitaji valvu. Halafu kuna maji ya kusuuzia, na kuna hewa inayoingia mtambo unapofunguliwa.

Ukimwambia muuzaji "kostiki" tu, atakupa 316 na hatakuwa amekosea. Kostiki nyepesi namna ile haiisumbui 316. Kinachoiua ni kloraidi (kemikali iliyomo kwenye chumvi), na kloraidi zinaingia kwa milango miwili: mabaki ya ile asidi, na maji ya kisima. Anayeishi kanda hii anayajua maji yetu. Onja ya visima vingi vya Bahi na Manyoni. Pale Singida mjini kwenyewe kuna maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, yako kando ya nyumba za watu. Kloraidi zikikutana na 316 yenye joto, kuanzia kama nyuzijoto 60 na kuendelea, huitoboa vishimo vidogo na kuipasua nyufa nyembamba kama unywele, na kwa nje chuma kinaendelea kung'aa. Msidanganyike na neno stenlesi.

Hapa niseme jambo ambalo si la valvu lakini linaokoa uhai. Asidi ikikutana na sayanaidi hutoa gesi ya sayanaidi ya haidrojeni, na gesi hiyo inaua upesi. Ushauri wangu kwa mwenye mtambo mdogo ni kutoosha kaboni kwa asidi ndani ya kolamu ya presha. Tenga tangi lake la plastiki au la chuma lililovishwa mpira, lisilo na presha, lenye upitishaji mzuri wa hewa, na usuuze kaboni vizuri kabla ya kuihamisha. Ukifanya hivyo, valvu ya kolamu haitaona asidi kabisa, na gharama ya tangi mara nyingi ni ndogo kuliko valvu ya aloi ghali. Njia za kumwaga za sehemu hizo mbili zisikutane popote, hata kwenye mtaro.

Uliza kila kipande

Usikubali jibu la "valvu ni stenlesi". Uliza nozeli (mdomo wa kuingilia) ni chuma gani, diski ni chuma gani, mwongozo, spindeli (fimbo inayobana diski), springi, gasketi. Nozeli na diski ndizo zinazoguswa na kimiminika muda wote, nazo ndizo za kutumia fedha. Ganda la juu na springi huguswa pale valvu inapovuja au kufunguka, au mvuke wa upande wa kutolea unaporudi juu. Wengi wanasahau upande huo wa kutolea. Springi ya ile valvu niliyoieleza haikuliwa kutoka chini, ililiwa na mvuke uliokuwa ukirudi kutoka kwenye bomba la pamoja, linalopokea mamwago ya vyombo vingine pia.

Kuhusu vyuma vyenyewe, haya ndiyo ninayoyatumia. Asidi ya haidrokloriki: Hastelloy C-276, aloi ya nikeli. Kostiki kali na ya moto sana: nikeli au aloi zake, kwa sababu chuma cha kawaida hupasuka. Tindikali ya salfa ni ya ajabu kidogo. Ikiwa kali ya asilimia 93 hadi 98, ya baridi na isiyokwenda kasi, chuma cha kawaida huivumilia, kwa sababu hujitengenezea utando wa kukilinda. Ikiingiwa na maji ikawa nyepesi, chuma hicho hicho huisha upesi. Kwa hiyo tangi la tindikali kali linaloweza kunyonya unyevu wa masika lihesabiwe kuwa litaona tindikali nyepesi kwenye valvu, na hapo Alloy 20, aloi yenye nikeli nyingi, ndiyo chaguo la kawaida. Amonia ya vyumba vya baridi vya machinjio: usiweke shaba ya aina yoyote, wala shaba ya njano, maana hupasuka. Klorini kavu inakaa na chuma cha kawaida, lakini ikipata unyevu inakila. Titani nayo kinyume chake: hustahimili klorini yenye unyevu, ila kwenye klorini kavu inaweza kuwaka moto. Ukiwa na klorini, usibahatishe, mwandikie mtengenezaji wa valvu akuthibitishie kwa maandishi.

Kuna viti laini pia, ile pete ya mpira au plastiki inayofanya valvu ifunge bila kuvuja. Tefloni huvumilia karibu kila kemikali ila haipendi kubanwa kwa joto kali muda mrefu. Viton, aina ya mpira, ni nzuri kwa mafuta na asidi nyingi, lakini amonia na mvuke wa moto huiharibu. EPDM, mpira wa aina nyingine, inapenda mvuke na kostiki, lakini mafuta huivimbisha. Sasa fikiria kiwanda cha alizeti kinachosafisha mafuta kwa kostiki na kutumia mvuke kwenye chombo hicho hicho. Viton itakufa kwa mvuke, EPDM itakufa kwa mafuta. Pale mimi huchagua kiti cha chuma kwa chuma, nikubali kuvuja kidogo sana, kuliko mpira utakaovimba na kushika diski.

Aina ya valvu

Valvu ya kawaida ya springi inatosha pale inapomwaga kwenye hewa huru na kimiminika si kikali sana. Ikiwa inamwaga kwenye bomba la pamoja au tangi lililofungwa, nenda kwenye yenye mvukuto. Mvukuto ni kikoba cha chuma chembamba chenye mikunjo kinachozunguka spindeli. Hufanya kazi mbili: huzuia mvuke mkali usiifikie springi na mwongozo, na huzuia presha ya upande wa kutolea isibadilishe presha ya kufungukia. Valvu ya kawaida haivumilii presha hiyo ya upande wa kutolea zaidi ya takriban asilimia 10 ya presha iliyowekewa. Lakini mvukuto ni mwembamba, kwa hiyo usiruhusu uwe wa chuma hafifu kuliko nozeli.

Juu ya valvu yenye mvukuto kuna tundu dogo kwenye boneti, yaani ganda la juu. Tundu hilo lazima libaki wazi. Ndilo linaloiruhusu valvu ifanye kazi sawasawa, na ndilo linalokuonyesha kuwa mvukuto umepasuka. Nimeshakuta limezibwa kwa plagi na fundi aliyeogopa vumbi. Mara tatu nimekuta limezibwa na udongo wa nyigu, hawa wanaojenga vijumba kwenye kila tundu la ukutani. Weka kiwiko cha bomba kinachotazama chini chenye wavu, ukikague kila mwezi, na kama ndani kuna sumu, tundu hilo uliongoze kwa bomba dogo mpaka mahali salama.

Zile zinazoendeshwa na valvu ndogo ya pembeni, zenye vibomba vyembamba, siziweki kwenye kostiki wala kwenye kitu chochote kinachoganda. Vibomba huziba.

Njia ninayoipenda zaidi kwa kimiminika kikali ni kuweka diski ya kupasuka, bamba jembamba linalopasuka presha ikifika kiwango chake, chini ya valvu. Diski hiyo ya Hastelloy, tantali au iliyovishwa tefloni ndiyo inayoguswa na tindikali, na valvu iliyo juu hubaki safi na kavu mpaka siku ya hatari. Unaweza hata kununua valvu ya bei ya chini kidogo. Masharti yake ni haya: diski iwe ya aina isiyotoa vipande, maana kipande kikiingia kwenye nozeli umeziba kinga yako mwenyewe. Uwezo wa valvu uuhesabu kwa 0.9 ya uwezo wake, isipokuwa mtengenezaji amevipima viwili hivyo kwa pamoja. Na kati ya diski na valvu lazima kuwe na geji pamoja na njia ya kutoa hewa. Diski hupasuka kwa tofauti ya presha ya pande zake mbili. Ikitoboka tundu la sindano, presha hujaa upande wa pili, tofauti inapotea, na diski haitapasuka tena kwa presha uliyoitegemea. Geji ikionyesha presha yoyote, simamisha mtambo.

Presha, ukubwa na bomba la kutolea

Presha ya kufungukia isizidi ile iliyoandikwa kwenye kibao cha chombo, basi. Presha ya kazi ibaki chini ya asilimia 90 ya hiyo, kwa sababu valvu inayofanya kazi karibu sana na kikomo chake huanza kunong'ona, na kila inaponong'ona tindikali inapanda kwenye kiti.

Ukubwa mwachie anayejua hesabu zake, lakini mwambie ukweli. Maji ya nyuzijoto 140 yakitoka kwenye presha hugeuka mvuke nusu njia, na valvu iliyopimwa kwa maji matupu itakuwa ndogo. Bomba la kuingilia liwe fupi, lisiwe jembamba kuliko mdomo wa valvu, na upotevu wa presha ndani yake usizidi asilimia 3. Usiweke koki chini ya valvu isipokuwa imefungwa kwa kufuli ikiwa wazi.

Bomba la kutolea liinamie mbali na valvu na liwe na njia ya kumwaga maji mahali pa chini kabisa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na kwa sababu ya miezi mingi mikavu watu wanaacha mdomo wa bomba ukitazama juu. Maji ya Januari yakikaa juu ya diski yenye mabaki ya kemikali, yanatengeneza tindikali yako mwenyewe pale pale. Kwenye elusheni, bomba hilo liishie kwenye tangi lenye maji ya kostiki, kamwe si ardhini.

Inapofika

Usiifunge siku hiyo hiyo. Linganisha kibao na oda, dai cheti cha vyuma vya nozeli na diski na springi, ipime kwenye meza, ifungwe lakiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka vyombo vya presha vikaguliwe, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wataomba kumbukumbu hizo, lakini ziweke kwa ajili yako kwanza. Kwenye huduma mpya, mimi huitoa valvu baada ya miezi mitatu na kuifungua. Nikiikuta safi naongeza hadi sita, nikikuta kiti kimeanza kuliwa nabadilisha chuma, sipunguzi muda tu. Nunua mbili, moja ikae rafu, kwa sababu kipuri cha aloi hakipatikani dukani Dodoma na huwezi kuendesha kolamu ukisubiri mzigo.

Kijana wangu alinitumia karatasi ya majibu ya maswali yangu jana usiku kwa simu, ameijaza vizuri. Ameshakubali kutenga tangi la asidi. Sehemu moja tu imebaki wazi, ya maji ya kusuuzia: ameandika "kisima". Nimemwambia achote chupa moja, aipeleke maabara ipimwe kloraidi. Namba hiyo ikifika ndipo tutaongea kama 316 inatosha au hapana, na ndipo nitampa bei.