Somo: Kujenga upya injini ya Honda CG125 ya zamani ukiwa nyumbani

Wadau habari zenu. Hizi pikipiki za CG125 za kitambo bado ziko nyingi sana huku Njoro, Bahati, Subukia, zimeegemezwa nyuma ya nyumba ya mzee, zimefunikwa na gunia, na watu wanazipimia kwa kilo wauze kama vyuma kuukuu. Tafadhali msiuze. Honda waliitoa 1976, na waliijenga wakimfikiria mtu wa barabara mbaya na servisi ya nadra, ndio maana ndani kuna pushirodi (fito za kusukuma valvu) badala ya cheni ya kamu. Kwa wewe unayefanyia kazi kwa veranda hiyo ni baraka, ukitoa hedi (kichwa cha injini) huna cheni ya kuanza kutafutia taimingi. Kipenyo cha silinda ni 56.5 mm, stroku (mwendo wa pistoni) 49.5 mm, jumla cc 124.

Kabla sijaingia, kitu kimoja naomba kila mtu ashike: pima, halafu nunua pistoni, halafu ndio upeleke silinda kwa leti (mashine ya kuchonga). Kwa huo mpangilio. Nitaeleza kwa nini hapo mbele.

HATUA YA 1: Osha na umwage oili

Vumbi letu la Nakuru mnalijua, ni laini na linaingia kila mahali, na likishuka ndani ya silinda linafanya kazi ya msasa. Kwa hivyo osha injini na mafuta taa na brashi mpaka nati zote zionekane, ndio ushike spana. Oili imwage ikiwa na joto kidogo kama pikipiki bado inawaka. Pale chini kuna kifuniko kikubwa chenye springi na kichujio cha waya, kitoe polepole, usitupe kilicho ndani! Mwaga kwa karatasi nyeupe upitishe sumaku. Vipande vinavyong'aa na havishikwi na sumaku vimetoka kwa alumini, mara nyingi pistoni. Vikishikwa ni chuma, ina maana beringi au gia zinakula, na hapo kazi yako si ya juu tu, itabidi ugawanye injini yote.

HATUA YA 2: Kufungua

Toa tanki, kabureta, ekzosi. Zungusha injini mpaka alama ya T kwa flaiwili ikae sawa na pistoni iwe juu wakati valvu zote mbili zimefunga, ukitikisa roka unasikia zina uhuru kidogo. Nati za hedi legeza kwa mkato, hii kidogo, ya upande ule kidogo, usimalize moja kabla ya zingine. Pushirodi zichomeke kwa kadi ya boksi na uandike ya intek na ya ekzosi, kila moja irudi kwake. Silinda ikikataa kutoka gonga na nyundo ya mbao pembeni, bisibisi isikanyage pale gaskiti inakaa wala usigonge mapezi, yanavunjika. Ikianza tu kupanda sukuma kitambaa safi kwa mdomo wa krenkesi (nyumba ya krenki chini ya silinda) kabla hujaondoa zile klipu za pini, maana klipu inaruka na ikiangukia ndani siku yako imeisha. Klipu za zamani tupa, usizirudishe hata kama zinaonekana nzima.

HATUA YA 3: Kupima

Hapa msiharakishe. Pitisha ukucha ndani ya silinda ukielekea juu. Karibu na mwisho, pale ringi ya kwanza inapogeukia, utasikia kama kuna kingo. Ukucha ukinasa pale, silinda imeliwa. Lakini ukucha hautoshi kuamua pesa. Pima kipenyo juu, katikati na chini, na kila mahali upime mara mbili, mbele-nyuma na kushoto-kulia, kwa sababu silinda inalika ikawa yai. Kama huna kifaa mafundi wa leti wanacho, na kupimisha si ghali. Ikipita kama 56.6 mm hiyo ni ya kuchongwa, ringi mpya hazitakusaidia.

Njia nyingine unaweza kufanya mwenyewe: chukua ringi mpya, iingize peke yake ndani ya silinda, isukume na kichwa cha pistoni ndio ikae sawa, halafu pima mwanya wa ncha zake na fila geji (vibamba vya kupimia nafasi). Kwa silinda nzuri unatarajia kati ya 0.15 na 0.35 mm. Ukikuta 0.5 na ringi ni mpya kabisa, shida ni silinda, si ringi.

Halafu konrodi, ule mkono unaounga pistoni na krenki. Ishike na mikono miwili uivute juu na chini, sio kuipeleka kando, kando lazima icheze kiasi. Juu na chini isicheze hata kidogo. Ikigonga, krenki iende kwa fundi mwenye presi, hiyo si kazi ya nyundo nyumbani.

HATUA YA 4: Leti

Pistoni za oversaizi (zilizozidi saizi ya kawaida) zinakuja 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 mm. Nunua kwanza, ishike mkononi, ndio umpelekee fundi pamoja na silinda. Sababu ni hii: pistoni mbili zote zimeandikwa 0.50 lakini kampuni tofauti zinaweza kutofautiana kwa sehemu ndogo za milimita, na nafasi kati ya pistoni na silinda yenyewe ni sehemu hizo hizo ndogo. Fundi akichonga bila pistoni anabahatisha. Ikibana, itashika ukifika Gilgil. Ikilegea, inagonga asubuhi na inakula oili kama ya zamani. Na anza na saizi ndogo inayosafisha silinda, usikubali kurushwa 1.00 eti ndiyo iliyoko dukani, utakuwa umemaliza maisha ya silinda mara moja.

Ikirudi iwe na mikwaruzo ya kupishana ndani, hiyo ndiyo inashika oili ringi zikijizoeza. Ioshe na maji moto na sabuni ya unga, sugua na brashi, suuza, rudia mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Petroli peke yake haiondoi ule unga wa jiwe la kuchongea. Kausha na upake oili hapo hapo, chuma tupu kinashika kutu ukienda tu kunywa chai.

HATUA YA 5: Hedi

Saga valvu na pesti mpaka uone mstari wa kijivu usiokatika kuzunguka sahani yote. Weka springi, jaza petroli kwa bomba la intek, subiri, ikidondoka kwa valvu rudia kusaga. Badilisha sili za valvu bila kujiuliza.

HATUA YA 6: Kurudisha

Safisha ile flita ya kuzungusha iliyo upande wa klachi, CG haina flita ya karatasi, uchafu wote unaganda mle ndani na wengi hawajawahi kuifungua. Maandishi ya ringi yaangalie juu, mianya itawanywe pande tatu. Alama ya IN kwa pistoni iangalie kabureta. Gaskiti mpya zote. Nati za hedi kaza kwa mkato, hatua kwa hatua, na toki renchi. Uhuru kati ya roka na valvu weka 0.08 mm zote mbili, injini ikiwa baridi. Oili karibu lita moja, ya pikipiki, 20W-50 yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi inaogelea humo na oili zingine za gari zinaifanya iteleze. Toa plagi, piga kiki mara kadhaa oili ipande, ndio uwashe.

Kilomita 500 za kwanza usibebe mizigo na usishikilie spidi moja muda mrefu. Oili ya kwanza mwaga mapema.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Kitale: Fundi wa boda ameniambia nitumie pistoni ya Boxer, ati ni saizi karibu sawa. Ni kweli?
Hapana kaka, usikubali. Boxer ni injini ya kamu juu, haina undugu na CG. Kile unaweza kutafuta ni pistoni ya zile za Kichina za 125 zenye pushirodi, zimeigwa kutoka kwa hii hii. Lakini linganisha: pini 15 mm, na urefu kutoka pini hadi kichwa uwe sawa na yako.

Dada wa Kakamega: Ya baba imekaa miaka mingi, kiki haishuki kabisa. Nianzie wapi?
Pole dada, na usiikanyage kiki kwa nguvu, utavunja meno. Toa plagi, mwaga dizeli kwa tundu, acha siku kadhaa ukiongeza. Halafu weka gia ya juu kabisa na utikise gurudumu la nyuma mbele na nyuma taratibu. Ikiachia bado ifungue, kutu itakuwa imekwaruza silinda.

Mdau wa Kisumu: Yangu inatoa moshi wa bluu nikiteremka tu, nikipanda iko sawa.
Hizo ni sili za valvu bro, ukiachilia mafuta injini inavuta oili kupitia hapo. Ringi zikiisha moshi unakuja ukivuta kwa mlima. Fanya hedi kwanza, silinda ipime tu usiichonge bure.

Mdau wa Molo: Niliinunua Kisumu ikiwa safi, huku plagi inakuwa nyeusi na moshi ni mweusi. Injini imekufa?
Haijakufa mkuu. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, wewe uko juu zaidi sana na hewa ni nyepesi, petroli inazidi. Safisha flita ya hewa, halafu weka jeti kuu ndogo kwa namba moja au mbili uangalie rangi ya plagi, unataka kahawia.

Mdau wa Bungoma: Somo linafaa kwa Yamaha DT175?
Kupima na leti ndiyo, zingine hapana. Hiyo ni tustroku (injini ya mipigo miwili), haina valvu za kusaga, na ringi zake zina vipini ndani ya mfereji, mwanya lazima ukae pale pale. Fundi akishachonga mwambie alainishe kingo za matundu ya silinda, zikibaki kali ringi zinanasa na kuvunjika. Na badilisha sili za krenki.