Kabla ya boti ya Mokowe: ya kujipanga nayo mgonjwa akiambiwa ana uvimbe kichwani

Kwa mtu wa Amu (Lamu) safari ya hospitali kubwa huanza majini. Unashuka jeti, boti mpaka Mokowe ng'ambo ya bara, hapo basi, Witu, Garsen, Malindi, ukifika Mombasa ushapita kilomita 300 na ushee na mgonjwa kichwa kinampasuka njia nzima. Sasa umefika, umekaa foleni, daktari anakwambia nipe picha, na picha iko Amu juu ya kabati. Ndo sisi hao. Tulibeba ile karatasi ya ripoti tu, sidii yenye picha za skani tukaiwacha, na daktari wa kichwa ripoti ya mwenzake haimtoshi, yeye ataka kuangalia kwa macho yake. Tukarudi wiki ilofuata, nauli mara mbili. Kwa hivyo cha kwanza kabisa ni sidii, na kama una simu nzuri piga picha kila karatasi uweke kwa wasapu ya watu wawili wa nyumbani.

Mgonjwa ni mjomba wangu, nahodha wa zamani. Alianza na kichwa cha alfajiri, anaamka kinauma, anatapika, akishatapika anapata nafuu kidogo. Tukasema presha. Halafu siku moja akaanguka akitetemeka upande mmoja, ikawa pepo, akasomewa, akanywa kombe (maji yaliyooshewa aya za Qur'ani). Mimi sikatazi kisomo, hata leo husomewa, lakini kisomo na skani vyaweza kwenda wiki moja bila kugombana. Mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na kifafa halafu anaanguka mara ya kwanza, huyo apigwe picha. Pia anayelegea mkono na mguu wa upande mmoja, anayepoteza maneno, anayeona nusu nusu, au tabia imegeuka mpaka mkewe hamjui. Na uvimbe waweza kuwa kwenye uti wa mgongo pia si kichwani tu: mgongo unauma zaidi usiku akilala, miguu inalegea, mkojo unagoma. Hiyo usingoje Jumatatu, nenda hospitali ya King Fahd hapa Amu au ya Malindi saa hiyo hiyo wakuandikie rufaa, manake uti ukibanwa sana miguu yaweza isirudi.

Sasa jambo ambalo natamani tungejua mapema: uliza JINA. Usikubali kurudi nyumbani na "ana uvimbe" peke yake, manake mtaani kila uvimbe wa kichwa ni kansa na kila kansa ni sanda, na si hivyo. Mjomba yake iliitwa meninjioma, inaota kwenye ngozi inayofunika ubongo, nyingi si kansa, zinakua polepole, na ndogo isiyosumbua yaweza kuangaliwa tu kwa picha kila baada ya muda. Glioma ni ukoo mwingine, hizo zinaota ndani ya ubongo wenyewe: astrositoma, oligodendroglioma, na ile kali kabisa glioblastoma. Madaktari huzipanga gredi 1 mpaka 4, na 4 ndio kali. Iko ya tezi ya pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, inayobana mishipa ya macho na kuvuruga homoni, nyingine hupungua kwa vidonge bila kisu. Shwanoma ya mshipa wa sikio, huanza na uziwi wa sikio moja. Meduloblastoma, hii zaidi ni ya watoto, iko kisogoni, mtoto anayumba akitembea. Halafu kuna uvimbe uliosafiri kutoka kwingine, mapafu, titi, figo, kwa hivyo usishangae mtu wa kichwa akaagizwa picha ya kifua.

Na kuna vinavyojifanya uvimbe wa kansa! TB yaweza kutengeneza donge kwenye ubongo, na kwa mwenye HIV kuna tokso (toksoplasmosisi, maambukizi ya kijidudu), na hizo hutibiwa kwa dawa. Kwa hivyo ukiambiwa mgonjwa apimwe HIV na TB usione umetukanwa, ni kutafuta jina tu.

Siku ya MRI. Ile mashine ni sumaku kubwa, mama zetu waende wametoa pini za mtandio, kipini cha pua, bangili, na jamani hirizi. Hirizi nyingine imefungwa kwenye kikopo cha bati au fedha na mgonjwa haisemi, kaivaa kiunoni, mtu wa nyumbani ndo aseme. Mwenye betri ya moyo au chuma mwilini aseme kabla hajaingia. Kama atachomwa dawa ya kung'arisha picha wataka kujua figo, basi ukiwa na majibu ya kreatinini ya karibuni beba, waweza kuokoa siku. Na inapiga kelele kama karakana, mwambie mapema.

Deksamethasoni. Hii nakaa nayo kidogo. Ni steroidi ya kupunguza maji yaliyozunguka uvimbe, na mtu aweza kuamka siku ya pili kama hakuwa mgonjwa, ndipo watu husema kapona, safari ya nini. Hajapona, uvimbe uko pale pale. Yapandisha sukari (mwenye kisukari apimwe kila siku), yanyima usingizi kwa hivyo kama ni mara moja kwa siku uliza kama yaweza kuwa asubuhi, iwe na chakula, na usimchanganyie diklofenaki za maumivu za dukani, tumbo litachubuka mpaka litoke damu. Haikatwi ghafla hata siku moja, yapunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari. Na Ramadhani ikiingia katikati ya dawa usijiamulie, ruhusa ya mgonjwa iko kwenye Qur'ani, uliza daktari kisha shekhe. Kitu kingine wachache hukisema: kama daktari anashuku limfoma ya ubongo (kansa ya chembe za kinga), steroidi yaweza kuiyeyusha kabla ya baiopsi, yaani kukatwa kipande cha kupima, halafu maabara wasione kitu, basi uliza "hii aanze kabla au baada ya kukatwa nyama?"

Kabla ya oparesheni uliza matatu: watoa yote au kipande cha kupima, iko karibu na sehemu ya maneno au ya mkono, na baada ya hapo atahitaji mionzi? Tafuta ndugu wa kutoa damu mapema. Nywele zaweza kunyolewa, mgonjwa akiwa mwanamke atayarishwe, na aombe kufunikwa, wengi hawakatai. Ile nyama inayowekwa kwenye nta, bloku, jua imebaki maabara gani, manake siku hizi glioma haisemwi jina kamili bila vipimo vya jeni viitwavyo IDH na 1p/19q na huenda ikabidi isafirishwe.

Mionzi ndio inayovunja watu bajeti. Jirani ya shangazi yangu Malindi alidhani ni siku sita, kumbe ni wiki sita, Jumatatu mpaka Ijumaa, mara 30, hiyo ndo kawaida ya glioblastoma pamoja na vidonge vya kansa vya temozolomaidi na kupima damu (mzee aliyechoka yaweza kufupishwa). Kwa hivyo chumba na chakula hupangwa kabla, usitegemee kulala kwa binamu wiki sita, mtagombana. Atatengenezewa barakoa ya plastiki ya uso mzima inayofungwa mezani, mwenye hofu ya kubanwa aseme.

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mchango uwe umelipwa kabla, usiseme utalipa huko, na matibabu ya kansa huhitaji idhini kabla ya kuanza na kiwango cha juu inacholipa ni cha nyumba nzima kwa mwaka. Uliza kilichobaki kabla hujaanzisha harambee, ili ujue unachangisha nini.

Kurudi. Baada ya kupasuliwa hewa hubaki ndani ya fuvu, kwa hivyo ndege ya Manda (uwanja wa ndege wa Amu) asiipande mpaka daktari aseme sawa. Mwenye kifafa hapandi mnazi, haendeshi bodaboda, haogelei peke yake. Na kutoka Mokowe akae katikati ya boti na jaketi, si ukingoni. Mjomba tulimweka katikati, kanuna mpaka Amu, nahodha mzima kukalishwa na magunia ya viazi.